Guta Linatoa Moshi wa Bluu? Pima Kwanza Kabla ya Kununua Ringi

Leo tunaweka pembeni mbegu na viuatilifu, tunashika spana. Wengi wenu mmeniuliza kuhusu guta (wengine mnaita toyo) ambalo limeanza kutoa moshi, halina nguvu mlimani na kila asubuhi oili imepungua. Swali lenu linakuwa lile lile: "Bwana shamba, ninunue ringi?"

Jibu langu ni: usinunue kitu bado. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilinunua, nikalia.

Nina guta kuukuu nililonunua mkononi kwa mtu, natumia kubeba mbolea na nyanya za shamba langu dogo. Msimu mmoja, katikati ya mavuno, likaanza kutoa moshi wa bluu. Nikaenda dukani, nikachukua ringi mpya na gasketi, Jumapili moja nikafungua, nikabadilisha, nikafunga. Liliwaka vizuri, nikajiona fundi. Wiki ya tatu moshi ukarudi, tena mzito kuliko wa mwanzo. Siku hiyo nilikuwa na matenga ya nyanya zilizoiva, dalali ananisubiri barabarani. Guta lilikata nguvu kwenye kilima, nikalala nalo hapo. Nyanya zilifika kesho yake zimelainika, bei niliyopewa sitaki hata kuikumbuka.

Kosa langu halikuwa kufungua injini nyumbani. Kazi hii inawezekana nyumbani. Kosa langu ni kwamba nilitibu bila kupima, na sikujiuliza ringi za kwanza ziliuawa na nini.

Ijue injini yako

Maguta mengi yaliyopo mashambani kwetu yana injini ya silinda moja, viharusi vinne, ya ukoo wa Honda CG125. Honda waliitoa injini hiyo mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki inapigwa kazi na haipati matunzo mengi. Baadaye viwanda vya China vikatengeneza za aina hiyo hiyo, pamoja na kubwa zaidi za cc 150 na cc 200. Kwenye CG125 yenyewe silinda ina kipenyo cha milimita 56.5 na pistoni inatembea milimita 49.5.

Uzuri wa injini hii kwa mtu wa nyumbani ni kwamba haina cheni ya taimingi. Valvu zinasukumwa na fimbo mbili zinazopanda kutoka chini, kwa hiyo ukifungua hedi huvurugi taimingi. Wale wachache wenye pikipiki za magurudumu manne, na wenye pikipiki za kawaida zenye cheni ya taimingi, kazi ni ile ile. Mnaongeza jambo moja tu: kabla ya kutoa hedi panga alama za taimingi, kisha funga cheni kwa waya isitumbukie ndani. Injini inayopozwa kwa maji, toa maji kwanza.

Tunaposema sehemu ya juu ya injini tunamaanisha hedi na valvu zake, bloku (silinda), pistoni, ringi na gasketi. Chini kuna krenki, koni rodi, klachi na gia. Leo hatugusi chini.

Uchunguzi kabla ya kufungua

Mkulima akiniletea nyanya iliyonyauka, simwambii apulize dawa. Nakata shina, nalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi. Likitoa nyuzi nyeupe kama maziwa, huo ni mnyauko wa bakteria na hakuna dawa ya kupuliza itakayosaidia. Injini nayo ina vipimo vyake vya glasi.

Cha kwanza ni rangi ya moshi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweusi ni petroli nyingi au hewa kidogo, hapo angalia kabureta na chujio. Moshi mweupe wa asubuhi unaopotea injini ikipata joto mara nyingi ni unyevu tu. Kama ni wa bluu, angalia unatoka lini. Ukitoka zaidi ukipandisha mlima na mzigo, shuku ringi na silinda. Ukitoka kwa wingi ukiwasha baada ya kulala usiku, au ukishuka mteremko eksileta imefungwa halafu ukafungua, shuku sili za valvu. Sili ni kazi ndogo na rahisi kuliko pistoni.

Cha pili ni tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu. Pima injini ikiwa baridi kabisa. Kwenye Honda CG125 nafasi ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Injini nyingine fuata kitabu chake. Valvu ikibana haifungi vizuri, kompresheni inapotea, na mtu anavunja injini nzima kwa kosa la kusawazisha kwa dakika kumi.

Cha tatu ni kijiko cha oili. Azima geji ya kompresheni kwa fundi. Toa plagi, funga geji, fungua eksileta hadi mwisho, piga kiki mpaka mshale usimame, andika namba. Kisha mimina kijiko kimoja cha chai cha oili safi kwenye tundu la plagi, piga tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba pengo la ringi, kwa hiyo tatizo ni ringi au silinda. Namba ikibaki pale pale, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya hedi.

Cha nne ni masikio. Kama injini inagonga kwa sauti nzito kutoka chini, koni rodi inaweza kuwa imekwisha. Hapo kutengeneza juu ni kupaka rangi nyumba yenye msingi mbovu. Peleka kwa fundi aishushe yote.

Vifaa vya kuwa navyo

Spana T za 8, 10, 12 na 14, spana ya plagi, fila geji, koleo la kutolea klipu, nyundo ya mpira (au ya kawaida na kipande cha mbao), matambara safi na makopo matatu. Toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, azima kama huna. Usikaze hedi kwa makadirio ya mkono. Simu yako nayo ni kifaa: piga picha kila hatua kabla ya kutoa kitu.

Fanyia kazi mahali penye hewa, mbali na jiko, na asiwepo mvuta sigara. Petroli haina utani.

Kufungua

Osha injini kwanza. Huu si usafi wa mapambo. Mchanga ulioganda nje ndio utakaodondoka ndani ukifungua. Acha ikauke na ipoe. Mwaga oili kwenye beseni, ipitishie sumaku. Unga mwembamba wa chuma ni kawaida kwa injini ya siku nyingi, lakini vipande unavyoweza kuvishika vinaonyesha kuna ugonjwa mwingine chini.

Toa tangi, kabureta, eksozi na plagi. Zungusha magineti taratibu mpaka alama ya T ikae sawa na valvu zote mbili ziwe zimelegea. Toa kifuniko cha roka. Legeza nati za hedi kwa mtindo wa msalaba, kila moja robo mzunguko, rudia mpaka zote zilegee. Ukitoa moja yote kwanza, hedi inaweza kupinda. Toa zile fimbo mbili na uweke alama ipi ya valvu ya kuingiza na ipi ya kutoa.

Hedi ikigoma, igonge pembeni polepole kwa nyundo ya mpira. Usichomeke bisibisi kwenye gasketi. Mkwaruzo mmoja pale utakuwa mlango wa kuvuja siku zote.

Ukishainua bloku, kabla ya kitu kingine, ziba tundu la chini kwa tambara safi. Klipu ya pini ya pistoni huruka, na ikitumbukia kwenye tumbo la injini, kazi ya saa tatu inakuwa ya wiki. Sasa shika koni rodi, ivute juu na chini. Ikicheza kidogo kushoto na kulia ni sawa. Ikicheza juu-chini, hata kidogo, simama hapo.

Hapa ndipo nilipokosea: kupima

Nilipofungua mara ya pili nilibeba bloku hadi mjini kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kubori. Aliingiza kidole, akakizungusha, akaniangalia.

"Bwana shamba, hii umeweka ringi juzi?"

"Ndiyo mzee, wiki tatu tu."

"Ulipima?"

Nikanyamaza. Akaniambia, "Silinda imekuwa yai. Ringi ni duara. Duara halizibi yai, mwanangu."

Sentensi hiyo nimeibeba mpaka leo. Silinda hailiki sawasawa. Pistoni inasukuma zaidi upande wa mbele na wa nyuma kuliko pembeni, na sehemu ya juu inakula zaidi kwa sababu joto ni kali na oili ni kidogo. Ukiweka ringi mpya humo, inagusa baadhi ya sehemu tu. Oili inapita, gesi inashuka, na moshi uko pale pale.

Nyumbani unaweza kupima hivi. Chukua ringi ya juu, iingize ndani ya silinda bila pistoni, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa. Pima pengo la ncha zake kwa fila geji. Kwa silinda za ukubwa huu, ringi mpya kwenye silinda nzima huwa na pengo la milimita 0.1 hadi 0.3 hivi. Likifika 0.5 imekwisha. Pima karibu na juu, kisha shusha ringi mpaka chini ambako pistoni haifiki sana, pima tena. Pengo la juu likiwa kubwa zaidi kwa tofauti inayoonekana, silinda imepanuka juu. Kisha pitisha ukucha kwenye ukuta. Mkwaruzo unaonasa ukucha hauponi kwa ringi.

Kipimo cha ringi hakionyeshi uyai moja kwa moja. Kwa hiyo hata kama umeridhika, peleka bloku na pistoni kwa mtu mwenye geji ya silinda. Mwambie apime sehemu tatu, juu, katikati na chini, na kila sehemu pande mbili, mbele-nyuma na kushoto-kulia. Unapata namba sita. Mwachie karatasi aziandike. Pengo kati ya pistoni na silinda likifika milimita 0.1, usibishane, bori.

Ukibori, nunua pistoni kwanza. Stendadi ikipita, zinafuata za kuzidi milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Mafundi wanaziita ishirini na tano, hamsini na kuendelea. Mpe fundi pistoni yenyewe mkononi aifuate, kwa sababu pistoni mbili za jina moja kutoka viwanda viwili zinaweza kutofautiana. Usikubali akubori leo halafu ukatafute pistoni kesho.

Kama silinda iko ndani ya vipimo, ringi mpya zinatosha, lakini mwambie aipitishie honi. Ukuta ulioteleza kama kioo haushiki oili, na ringi mpya hazikai. Unatakiwa kuona mistari myembamba inayokatana.

Bloku ikirudi, ioshe kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia, kwa brashi. Petroli peke yake haitoi unga wa jiwe uliojificha kwenye ile mistari. Futa kwa tambara jeupe. Likitoka na weusi, osha tena. Likitoka jeupe, kausha na upake oili papo hapo, maana kutu inaanza ndani ya dakika chache.

Hedi

Kwangua masizi kwa kijiti cha mbao, si bisibisi. Kabla ya kutoa valvu, geuza hedi, mimina petroli kidogo kwenye njia ya hewa, subiri dakika moja, kisha kwenye njia ya eksozi. Ikivuja kupita valvu, valvu inahitaji kusagwa kwa pesti yake mpaka mstari wa kijivu uzunguke sawasawa bila kukatika. Kama huna kifaa cha kubana springi, mpe fundi. Badilisha sili za valvu hata kama zinaonekana nzima, mradi umeshafungua. Mwisho weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi, jaribu kupitisha fila ya 0.05 chini yake. Ikipita, hedi imepinda, isawazishwe.

Kufunga

Hapa polepole ndiyo haraka.

Ringi zenye maandishi, maandishi yaangalie juu. Mapengo ya ringi yasikae mstari mmoja, yatawanye kwa theluthi ya duara. Pistoni yenye neno IN, upande huo ukae upande wa kabureta. Tumia klipu mpya za pini, na mdomo wa klipu usielekee kwenye kile kikato cha pistoni. Klipu kuukuu ikichomoka itachimba mfereji kwenye silinda uliyotoka kuilipia.

Paka oili pistoni, ringi, pini na silinda. Weka gasketi mpya ya chini na zile bushi ndogo za kuelekeza, na angalia kwamba gasketi haijafunika njia ya oili. Shusha bloku huku unabana ringi kwa vidole, moja baada ya moja. Ikigoma usilazimishe, kuna ringi imekaa vibaya. Weka gasketi ya hedi, hedi, fimbo zikae sawa kwenye vikombe vyake, kisha kaza nati kwa msalaba, awamu tatu, mpaka nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini yako.

Sawazisha tapeti. Kabla ya kiki, zungusha magineti kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ukihisi kitu kinagota, simama utafute. Jaza oili mpya, na plagi ikiwa nje piga kiki mara nyingi ili oili ipande juu. Halafu ndiyo uwashe.

Siku za kwanza

Usiiache ikiunguruma sailensa nusu saa. Iwashe, sikiliza, angalia mivujo, iendeshe. Ringi zinakaa kwa mzigo wa wastani unaobadilika: panda, shuka, badilisha gia. Kwa kilomita 500 za mwanzo beba nusu ya mzigo na usivute eksileta mwisho. Mwaga oili ya kwanza mapema, mimi namwaga kabla ya kilomita 200, kwa sababu inabeba unga wa chuma. Kisha pima tapeti tena. Kwa hiyo usifanye kazi hii wiki ya mavuno. Fanya wakati miche iko kitaluni.

Nani aliua zile ringi?

Sasa turudi kwenye swali langu la mwanzo. Yule mzee alipomaliza kubori aliniuliza, "Vumbi linaingilia wapi?" Nikamwambia chujio nalisafisha kila wiki. Akasema nenda kaangalie bomba.

Nilirudi, nikatoa lile bomba la mpira kati ya chujio na kabureta, nikalikunja. Chini, mahali usipopaona ukiwa umesimama, lilikuwa limepasuka urefu wa kucha. Kila safari ya shambani wakati wa kiangazi injini ilikuwa inavuta vumbi bila kupita kwenye chujio. Vumbi letu ni mchanga, na mchanga ukichanganyika na oili ni sawa na pesti ile ya kusagia valvu, ila wewe umeiweka kwenye silinda. Na sponji lenyewe nilikuwa nalisafisha kwa petroli na kulirudisha kavu. Sponji la chujio huoshwa kwa mafuta ya taa au maji ya sabuni, likakauka, likalowekwa kwa oili safi, kisha likakamuliwa. Oili ndiyo inayonasa vumbi.

Bomba jipya lilikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyonunua. Laiti ningelinunua kwanza, nisingefungua injini mara mbili. Kazi yote ya mara ya pili, pistoni, kubori, gasketi, sili na oili, ilinigharimu chini ya pesa niliyolipa kukodi guta la mtu kwa wiki mbili wakati langu limelala.

Kwa hiyo kijana, kabla hujaenda dukani, fanya mambo mawili leo jioni. Toa bomba la chujio ulikunje kwenye mwanga. Halafu azima geji ya kompresheni, piga kiki, mimina kijiko cha oili, piga tena, na uandike namba zote mbili kwenye daftari lile lile unaloandikia gharama za shamba. Ukiniita nije nione guta lako, hizo namba ndizo nitakazokuuliza kwanza.

Kazi njema, na mavuno yafike sokoni siku yake.